Oldupai na Hofu ya Ncha Kugeuka

Kila baada ya muda huzuka habari kwamba ncha za sumaku za dunia zinakaribia kugeuka, na siku hiyo maisha yatakoma. Kugeuka kupo, kukoma kwa maisha kunakanushwa na mawe ya nchi yetu. Lava inayotoka moto, kama ile ya mlima Kiejo karibu na Tukuyu miaka ipatayo 200 iliyopita, hubeba chembe ndogo za magnetaiti. Ikipoa chini ya nyuzijoto 580, chembe hizo hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia wa wakati huo, wala haziuachi. Mwaka 1963 watafiti Grommé na Hay walitangaza kwamba basalti (lava iliyoganda) ya Bonde la Oldupai ina mwelekeo kama wa leo, ingawa ilitoka katika enzi ndefu ambayo ncha zilikuwa kinyume. Ndiyo maana wanajiolojia kote duniani hukiita kipindi hicho kifupi cha mwelekeo kama wa leo, cha kati ya miaka milioni 1.95 na 1.77 iliyopita, Olduvai, kwa tahajia ya zamani ya jina la bonde hilo.

Wapo waliosema lililogeuka ni jiwe, si dunia. Hawakukosa hoja: Japani kuna jiwe la volkano ya Haruna linalojipa lenyewe mwelekeo wa kinyume. Lakini mawe ya aina hiyo ni adimu, na kama lililogeuka ni jiwe, miamba ya rika moja isingeafikiana kutoka bara hadi bara, hata chini ya bahari. Chanzo cha sumaku ya dunia kiko kilomita 2,900 chini yetu. Huko chuma kilichoyeyuka husukumwa na joto na mzunguko wa dunia, kikazalisha umeme, na umeme ukazalisha sumaku. Mtambo huo haupendelei upande wowote. Mikondo ikivurugika, sumaku hudhoofika bila kuisha, kisha hujijenga upya, pengine kinyume. Kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka na haina ratiba. Mara ya mwisho ilikuwa miaka kama 780,000 iliyopita, lakini enzi za dinosaria ilipita karibu miaka milioni 40 bila mgeuko. Anayedai kwamba “tumechelewa” anahesabu kwa kalenda isiyokuwepo.

Ni kweli sumaku imepungua kwa takriban asilimia 9 tangu karne ya 19, na wenye setilaiti na gridi za umeme wana sababu ya kujihadhari. Hilo ni suala la mafundi, si kiama. Fuvu la zamadamu Zinjanthropus, alilolipata Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959, lilikuwa juu kidogo ya basalti ileile, na jamii yake iliishi kabla ya kipindi cha Olduvai na baada yake: ilivuka migeuko isiyopungua miwili. Walimu wa jiografia wa Igowole na Mufindi yote, mnapofundisha fuvu hilo, fundisheni na jiwe lililo chini yake.