Mtoto Aliyefutwa

Tarehe 16 Juni 2024 shirika la HBO la Marekani lilionyesha sehemu ya kwanza ya msimu wa pili wa House of the Dragon, mchezo wa televisheni uliotolewa katika kitabu cha George R. R. Martin kiitwacho Fire & Blood, kilichochapishwa mwaka 2018. Sifa zilimiminika. Walisifiwa waigizaji, ikasifiwa na haya ya kamera, ambayo haikukikodolea macho kisu bali iliwaachia watazamaji sauti peke yake. Sifa hizo ni za haki. Lakini chumbani mle alikosekana mtoto mmoja, jina lake Maelor, na kukosekana kwake kuliiondolea hekaya roho yake.

Kitabuni mambo yalikuwa hivi. Aemond amemwua Lucerys, mwana wa Rhaenyra. Daemon, mume wa Rhaenyra, anapeleka watu wawili waingie kasri kwa siri walipe mwana kwa mwana. Mmoja huitwa Blood. Wa pili, mtega panya, huitwa Cheese. Wanamfunga kamba Alicent, mama wa mfalme, kisha wanangoja. Helaena, mke wa mfalme, anakuja na watoto wake watatu kumwamkia bibi yao kama ilivyo desturi yake ya kila jioni: pacha wa miaka sita, Jaehaerys na Jaehaera, na mdogo wao Maelor wa miaka miwili. Wana wa kiume ni wawili; mama anaamriwa achague mmoja. Anajitoa nafsi yake, anakataliwa. Baada ya machozi na vitisho anamtaja Maelor. Cheese anamwambia yule mdogo kwamba mamaye anataka afe. Kisha anayeuawa ni Jaehaerys.

Ukatili wa kisa hiki haumo katika damu. Watoto waliouawa ni wengi katika hekaya za wafalme, na msomaji hulia akafunua ukurasa. Ukatili umo katika yule aliyeachwa hai. Helaena anabaki na mwana aliyemtoa kwa kinywa chake mwenyewe, wala hawezi tena kumtazama usoni. Wauaji wamekwenda zao, nao wamemwachia mama kazi ya kujiua kidogo kidogo kila asubuhi mtoto anapoamka.

Katika mchezo hayo yote hayamo. Maelor hakuzaliwa. Pacha wamelala, wauaji hawajui yupi ni mvulana, Helaena anaulizwa, naye anaonyesha. Anambeba binti yake, anakimbia, anamkuta Alicent kitandani na Criston Cole, jemadari wa walinzi. Hatia basi imehamishwa nyumba: imetolewa kwa binti ikapewa mama, na kutoka kifo ikageuzwa kuwa zinaa. Hata amri yenyewe imelegezwa. Rhaenyra alimtaka Aemond. Daemon anapoulizwa itakuwaje Aemond asipoonekana, jibu lake halisikiki. Kisasi kilichopangwa kimekuwa kama ajali ya vibarua wawili waliopotea njia gizani.

Wako wanaojibu kwamba kuonyesha nako ni kuchagua, maana Helaena angeweza kusema uongo. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haisimami. Anayeulizwa yupi ni mvulana anaulizwa habari. Anayeulizwa yupi afe anaulizwa hukumu. Wa kwanza ni shahidi aliyetishwa. Wa pili amefanywa mshiriki wa mauaji, na hakuna awezaye kumwosha.

Wengine husema kwamba Fire & Blood si riwaya bali mfano wa tarehe, iliyoandikwa na mwanachuoni wa kubuniwa, Gyldayn, anayenukuu mashahidi wasiopatana, akiwamo Mushroom, mchekeshaji wa kasri; basi mchezo una haki ya kuonyesha yaliyotukia kweli. Haki hiyo ipo, na mahali pengine imetumiwa kwa ustadi. Lakini mashahidi wale wanagombana juu ya nani alisema nini na nani alilala na nani. Juu ya idadi ya wana wa Helaena hawana ugomvi.

Unabaki udhuru wa kweli, nao haukuwa wa sanaa hata kidogo. Martin mwenyewe aliutaja katika maandishi aliyoyatoa tarehe 4 Septemba 2024, yakaondolewa siku ile ile: Ryan Condal, msimamizi mkuu wa mchezo, alimfuta Maelor kwa sababu za fedha na taabu ya kupiga picha na watoto wadogo. Martin alipinga, kisha akakubali, kwa kuwa aliambiwa kwamba mtoto ameahirishwa tu, atazaliwa baadaye. Baadaye hiyo nayo ikafutwa. Mtoto wa miaka miwili hulia anapotakiwa anyamaze, na kila saa ya kumngoja hulipiwa. Hapana wa kulaumu mwenye mali anapohesabu gharama zake. Wa kulaumiwa ni mhakiki anayepokea hesabu ya bwana fedha akaitafsiri kuwa hekima ya mtunzi, akahubiri kwamba kisa kimesafishwa, kimefupishwa, kimekuwa cha kiungwana zaidi. Fasiri ya kitabu hubadili mengi kwa lazima, na afasiriye hudaiwa sababu ya kila alichokiacha. Akisema hakuwa na fedha, amesema kweli, na asikizwe. Wengine wasimvike joho ambalo yeye mwenyewe hakuliomba.

Deni lenyewe halikwisha usiku ule. Kitabuni Maelor anararuliwa na umati wa watu katika mji wa Bitterbridge, na habari zinapofika kasri Helaena anajitupa kutoka dirishani, kwa kuwa neno alilolisema usiku ule limetimia. Helaena wa mchezo hakulisema neno hilo, wala hana mtoto wa kuletewa habari zake.