Vuli Inakaribia: Tuurudishie Uwanja Majani Yake



Mwaka juzi, masika ilipokwisha, nilimwita fundi mwashi atazame ufa uliojitokeza kwenye ukuta wa jikoni. Ufa wenyewe hakuutazama sana. Aliinama, akapitisha mkono chini ya msingi, mkono ukaingia hadi kwenye kiwiko. "Mama, udongo wako umekwenda wapi?" Nikaanza kuilaumu mvua. Yeye akawa anatazama fagio la chelewa lililoegemezwa mlangoni.

Kwa miaka 16 nilikuwa nafagia uwanja ule kila alfajiri kabla ya kwenda zamu. Ndivyo tulivyolelewa akina mama wengi: uwanja wenye mistari ya fagio ni sifa, na jani likichomoza majirani watasema mwenye nyumba ni mvivu. Basi nikawa naling'oa. Kumbe fagio hulegeza udongo kidogo kidogo, na mvua ikipiga pasipo na majani, huchukua kile kilicholegea na kuacha msingi wazi. Majani huvunja nguvu ya tone la mvua, na mizizi yake hushika udongo.

Fundi alijaza mawe na saruji chini ya msingi, kazi iliyokula akiba yetu yote ya mwaka ule. Nami nikaamua kupanda ukoka.

Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliniuliza kama nataka kufuga nyoka. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana majani marefu huficha nyoka, na panya wanaowavuta pia. Lakini yakifyekwa yakabaki urefu wa vidole viwili au vitatu, hakuna pa kujificha. Kuhusu mbu nilimjibu kama muuguzi: mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, kwa hiyo tuliogope lile dimbwi la mbele ya jiko, tulifukie. Na funza wa miguuni hupenda vumbi kavu, vumbi lile lile tulilokuwa tukilifagia.

Hapa kwetu Moshi vuli huanza kama mwezi wa Oktoba na kuishia Desemba. Wengi hungoja masika kwa kuwa mvua yake ni nyingi. Mimi naona ni nyingi mno kwa ukoka mchanga. Huubeba pamoja na udongo wake. Ukipanda vuli, masika ya Machi itaukuta umeshika. Ila Januari na Februari ni lazima umwagilie, na maji ya kusuuzia nguo yanafaa.

Kabla ya mvua, chimba na kuondoa ndago. Usiyang'oe kwa mkono tu, kwa maana vijinundu vyake hubaki chini na kuota tena. Kisha changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu. Tafadhali vaa viatu na glavu. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama, si kwenye misumari yenye kutu peke yake. Ukijikata, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni, halafu nenda zahanati waangalie kama unahitaji chanjo.

Ukoka hununui. Omba kando ya njia au kwa jirani, ukate vipande vyenye vifundo vitatu au vinne. Vifukie kwenye vijifereji vyenye nafasi ya sentimeta 20 hivi, ncha ikichungulia nje, na ukanyage udongo ushikane. Panda siku ile ile ulipokata. Vikilala juani vimekufa.

Kama majani unayo tayari lakini yana vipara, mara nyingi udongo umekanyagwa ukawa mgumu kama sakafu. Toboa kwa jembe uma, tia samadi na mchanga kwenye matundu, upandikize pale palipo wazi. Halafu wahamishie watoto njia yao ya kwenda bombani, la sivyo utarudia kazi hiyo vuli ijayo. Kwenye mstari ambapo maji ya bati hudondokea usihangaike na majani, mwaga kokoto.

Ukoka ukishatanda, fyeka mara kwa mara na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wake kwa mara moja. Mimi nilikosea hapo: niliuacha ukarefuka wakati wa semina ya kanisa, kisha nikaukata hadi chini, ukageuka rangi ya makuti kwa wiki tatu.

Ufa wa jikoni haujaongezeka. Chini ya mwembe, lakini, ukoka umekataa kabisa, kwa sababu hauvumilii kivuli. Pale nimemwachia mama mkwe, naye hupafagia kila asubuhi.