Boti za Starehe na Mto Wetu
Boti za kutalii hupanda Mto Pangani kutoka mji wa Pangani, zikipita kando ya mikoko na minazi huku abiria wakitafuta mamba na ndege kwa macho. Sisi wa Handeni na Korogwe jambo hili linatuhusu, maana mto huo hupita kwetu Korogwe kwanza kabla ya kufika Pangani, na maji yake ndiyo yanayosukumwa kwa bomba hadi Handeni. Enyi wenye boti, maji ya ngamani yenye mafuta msiyamwage mtoni. Zile injini ndogo zinazochanganyiwa petroli na oili hutema sehemu ya mchanganyiko huo bila kuungua. Tazama nyuma ya boti, utaona utando wa rangirangi ukitandaa juu ya maji. Karibu na mikoko punguzeni mwendo, kwa sababu mawimbi ya boti humomonyoa kingo. Mkiwapeleka wageni Maziwe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1975, msitupe nanga juu ya matumbawe: tafuteni boya au mchanga mtupu. Lakini nahodha hawezi kubeba lawama peke yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, ila chupa za maji na soda bado zinazagaa kwenye mifereji yetu, na mvua za masika zikinyesha zinaingia mtoni. Naziomba halmashauri za Korogwe na Handeni zizoe taka za mifereji kabla ya mvua kuanza, nasi wananchi tuache kuzitupa humo.