Hedifoni za Mtafuta Dhahabu

Huko Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, dhahabu huchimbwa kwa majembe na kuoshwa kwa karai. Anayetaka kuitafuta kwa mashine ya kutambua metali yampasa achague vema hedifoni, kwani chembe ndogo hutoa mlio hafifu ambao humezwa na upepo.

Mnunuzi aliye dukani Gitega na azingatie haya. Vikombe vifunike sikio lote bila kulibana. Plagi ilingane na tundu la mashine, yaani milimita 6.35 au 3.5. Kiwepo kidude cha kupunguzia sauti. Shirika la Afya Duniani hushauri isizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kabla ya kulipa, apitishe mashine juu ya kipini kidogo, asikilize.

Hata hivyo, sikio halioni. Vita vya mwaka 1993 hadi 2005 viliacha mabomu yasiyolipuka, na mashine hulilia bomu kama inavyolilia dhahabu. Penye shaka mtu asichimbe: aweke alama kando, arudi kwa nyayo zake, awaarifu polisi. Dhahabu hungoja, uhai haungoji.