Jina likiingia orodha ya wezi, litoke vipi?

Ukipanda kutoka Kiboriloni kuelekea Kidia, Old Moshi, duka si mahali pa kununua sukari tu. Ndipo mkulima anapokopa mbolea akisubiri fedha za kahawa, na dhamana yake ni jina lake. Kwa hiyo jina hilo likibandikwa ukutani au kusambazwa kwa simu kuwa ni la mwizi, hasara haiishii kwenye aibu. Leo atanyimwa mkopo duka moja, kesho maduka yote.

Hakuna anayetetea wizi. Mwenye duka dogo akiibiwa katoni moja ya mafuta ya kula, faida ya siku kadhaa imekwenda, na ana haki ya kuwaonya wenzake. Tatizo ni kwamba orodha hizi zina mlango wa kuingilia, hazina wa kutokea. Mlimani ukoo mmoja huwa na watu kadhaa wenye jina moja. Aliyechanganywa na mwingine hajui amwendee nani.

Hata wakubwa hukosea. Desemba 2023, mamlaka ya biashara ya Marekani ilizuia maduka ya dawa ya Rite Aid kutumia kamera za kutambua sura kwa miaka 5, baada ya mitambo kuwataja wateja wasio na hatia kuwa wezi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inazihesabu taarifa za makosa ya jinai kuwa taarifa nyeti. Mhusika anaweza kudai kujua kilichoandikwa juu yake, na kisipokuwa sahihi, kirekebishwe au kifutwe. Akikataliwa, apeleke malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Hivyo anayetuhumiwa asiishie kugombana dukani. Aandike barua, abaki na nakala, aambatanishe risiti au maelezo ya shahidi. Mwenye duka naye aripoti wizi polisi badala ya kubandika jina, na akigundua kosa awaarifu wote aliowatumia. Kufuta ukutani kwake huku jina likiendelea kuzunguka kwenye simu za wenzake si kufuta.

Jina jema hung'ara gizani, walisema wahenga. Lakini haliwezi kung'ara likiwa limefunikwa na karatasi ambayo hakuna mwenye wajibu wa kuibandua. Mwizi ahukumiwe na mahakama, si na ukuta wa duka.