RANGI MPYA SI DHAMANA

Ndugu zetu, wako wanaonena kuwa ndege ndogo iliyokwisha tumika hununuliwa kwa kutazamwa rangi yake na daftari lake. Twasema: huo ni uwongo, tena uwongo wa muuzaji! Sisi wa dukani hata gunia la mchele hatulinunui bila ya kulidunga bambo. Seuze chombo kitakachobeba roho za watu?

Tarehe 4 Aprili 2018, huko Daytona Beach, Marekani, ndege aina ya Piper ya chuo cha urubani ilikatika bawa la kushoto mara baada ya kuruka, wakafa wote wawili waliokuwamo. Iliundwa mwaka 2007, wala haikuwa gofu. Ufa ulijificha katika boriti ya bawa, kwenye tundu ya bolti, pasipofika jicho. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ikaamuru Piper za jamii hiyo zilizotumika sana zipimwe tundu hizo kwa mkondo wa umeme.

Basi mnunuzi asiridhike na fundi wa muuzaji. Alete wake, bolti zitolewe, tundu zipimwe. Na akiona bati limekunjana au ribiti zimelegea, aulize ajali iliyofichwa. Muuzaji akizuia bolti zisiguswe, na abaki na ndege yake.