Tulichokikuta chini ya reksini

Mwezi huu nakutoa sebuleni nikupeleke gereji. Usicheke, kuna somo huko.

Kwetu tuna Volkswagen Beetle ya mwaka 1972, tuliyoachiwa na marehemu baba mkwe. Mzee alikuwa haishiwi hadithi zake: kwamba mwaka huohuo wa 1972 ndipo Beetle ilipoipita Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, na kwamba Beetle ilishinda Safari Rally mwaka 1962, kabla Wajapani hawajaanza kutamba. Mume wangu analipenda gari lile kama ndugu wa tumbo moja. Mimi, nisema ukweli tu, nililiona chuma chakavu kinachokula hela za kiwanja.

Tatizo lilikuwa reksini ya ndani inayozunguka kioo cha mbele. Ilibanduka kwenye nguzo zote mbili, ikawa inaning'inia. Fundi mmoja akaibandika kwa gundi, ikapendeza. Masika yalipoanza, maji yakanidondokea magotini nikiwahi kikao kazini, na reksini ikawa inaning'inia vilevile. Nikamuuliza mwenzangu alilipa shilingi ngapi. "Kidogo tu, mke wangu."

Tukaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima. Akabonyeza kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Shemeji, hapa mmepakwa poda. Reksini ya gari hili inaingia chini ya mpira wa kioo. Bila kutoa kioo, hakuna kazi iliyofanyika."

Jumamosi akaukata mpira wa zamani kwa wembe, akakisukuma kioo taratibu kutokea ndani. Tukaona wenyewe: kutu imezunguka, na kona ya chini kushoto kuna tundu la kuingia kidole. Hapo mume wangu akaninong'oneza. Yule fundi wa kwanza alilipwa mara mbili, na mara ya pili hela ilitoka kwenye akiba ya kiwanja.

Nilitaka kuwaka. Lakini na mimi nilikuwa na langu: wiki mbili kabla, nilimpigia dalali kimyakimya kuulizia bei ya gari lile. Nikalitoa. Tukanuniana karibu saa nzima, kila mtu na soda yake, fundi akijifanya haoni.

Kazi yenyewe ndiyo iliyotupatanisha. Kutu ilisuguliwa kwa msasa, tundu likachomelewa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu na kuachwa ikauke. Reksini mpya ikakatwa kwa kufuata ile ya zamani, ikaanikwa juani ilainike isije ikafanya mikunjo. Gundi ikapakwa pande zote mbili, ikasubiriwa mpaka haishiki vidole, ndipo ikabandikwa na kukunjwa ukingoni.

Kurudisha kioo kunahitaji watu wawili. Mpira mpya unavishwa kwenye kioo, kamba inazungushwa ndani ya mfereji wake, na maji ya sabuni yanapakwa ili uteleze. Mimi nilikaa ndani nikivuta kamba polepole, mume wangu nje akisukuma kwa viganja. Ukivuta kabla mwenzako hajasukuma, mpira hauruki ukingo. Ilibidi tutazamane usoni kupitia kioo: "Sasa!" "Bado!" "Sasa!" Siku nyingi hatukuwa tumetazamana hivyo.

Fundi akamwagia maji kwa mpira wa bustani dakika kumi nzima. Ndani pakavu.

Jioni ile tuliyamaliza. Hela ya kiwanja haiguswi mpaka wote wawili tukubali. Na gari haliuzwi wala haliwekewi dalali kabla ya kumuuliza mama mkwe, maana kumbukumbu ni zake kuliko zetu. Alichojibu mama nitawaambia siku nyingine!

Kwa wenye magari ya zamani: fundi akikwambia atabandika reksini bila kugusa kioo, muulize chini ya mpira kukoje. Na kwa wapendanao: "kidogo tu" ni jibu la kulifuatilia. Mwenzako naye ana haki ya kufuatilia lako.

Tukutane mwezi ujao.